Jangwa Lenye Wenyewe

Bwera haina jangwa. Simama sokoni asubuhi utazame kaskazini: Rwenzori imevaa migomba na mibuni toka chini hadi pale macho yanapokwamia kwenye ukungu. Mto Lhubiriha unashuka kutoka huko, unapita Mpondwe na kuitenga Uganda na Kongo. Mtu akikuuliza hapo vilima vya mchanga viko wapi, utamwelekeza stendi ya mabasi apande la kwenda mbali.

Na kweli ni mbali. Anayetaka mchanga unaohama aende Tanzania, karibu na Bonde la Oldupai, ambako tuta la majivu meusi yaliyorushwa na Ol Doinyo Lengai husukumwa na upepo yapata mita 17 kila mwaka, na vigingi vimepigwa chini kuonyesha lilipokuwa miaka iliyopita. Au ashuke pwani ya Kenya hadi Mambrui, kaskazini ya Malindi, auone mchanga uliolundikana kando ya bahari. Kutoka Bwera, safari zote mbili ni za siku kadhaa na mipaka ya kuvuka.

Lakini mwenyeji wa Bwera akitaka kuona nchi kavu, nyeupe, yenye mwanga wa kuumiza macho na isiyoota hata kijani kimoja, hahitaji pasipoti. Anapanda taksi ya Kikorongo alfajiri, na kabla ya saa sita mchana yuko Katwe. Wala sisemi Katwe ile ya Kampala, ya gereji na vyuma chakavu, iliyopata jina duniani kwa filamu ya 2016 juu ya msichana mcheza sataranji Phiona Mutesi. Kila mara ninapoitaja Katwe hii ya Kasese kwa mgeni huniuliza kuhusu sataranji. Hapa hakuna malkia. Kuna ziwa la chumvi lililotulia ndani ya shimo la volkano, na watu waliozama humo hadi kiunoni.

Nashauri safari hii ianzie Bwera makusudi. Wengi huingia Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth kutokea Kampala kupitia Mbarara. Wamelipia simba, wanalala Mweya, wanapanda boti katika mfereji wa Kazinga kuwatazama viboko, na chumvi huipitia siku ya kuondoka kwa nusu saa, gari likiwa linanguruma. Anayetoka Bwera anaijua chumvi kabla ya kulijua ziwa. Ameiona ikipakiwa na kupakuliwa, na ameona magunia yakivushwa Mpondwe kuelekea Kasindi, upande wa Kongo, kwa baiskeli na kwa migongo ya watu, huku bei ikipatanwa kwa Kiswahili na hela zikihesabiwa kwa shilingi, faranga na dola katika mazungumzo yale yale. Mpondwe ni moja ya milango mikubwa ya biashara kati ya Uganda na Kongo, na chumvi ilipita njia hizi kabla mtu yeyote hajachora mpaka. Kwa hiyo mtu wa Bwera akifika Katwe, swali lake la kwanza halihusu mandhari. Anauliza gunia ni bei gani leo.

Barabara ni lami. Inapita Kisinga na Kinyamaseke na kuvuka mto Nyamugasani, mmoja wa mito ya Rwenzori ambayo maji yake huishia ziwa Edward. Kadiri unavyoteremka ndivyo migomba inavyopungua. Milima imekamata mvua kwa ajili yake yenyewe, na sakafu ya Bonde la Ufa inapata masalio. Kwanza inakuja pamba na mahindi, halafu nyasi fupi za rangi ya manjano, na baada yake miti ya euforbia, yenye mikono minene ya kijani iliyoelekea juu bila jani hata moja. Dereva anafungua vioo vyote, na hakuna anayelalamika kuhusu vumbi, maana joto la ndani limezidi.

Kikorongo ni njia panda: kushoto Kasese, kulia Mbarara. Unakata kulia, na mbele kidogo unaivuka ikweta. Pale pana mduara wa saruji kila upande wa barabara, na kila gari lenye wageni lazima lisimame ili watu wapige picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Sijawahi kuona mtu wa Bwera akifanya hivyo. Jirani yake liko banda linaloitwa la Malkia, kumbukumbu ya ziara ya Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Hifadhi ilikuwa imeanzishwa miaka miwili kabla kwa jina la Kazinga. Malkia akapita, jina likabadilishwa, na hadi leo halijarudishwa. Muda mfupi baada ya hapo unakata tena kulia, mkabala na njia ya Kasenyi ya kuwatazama swala aina ya kob, na sasa unarudi magharibi, upande ule ule uliotoka. Atazamaye ramani ataona umelizunguka shamba zima la mashimo ya volkano ili ulifikie kwa mlango wa kusini.

Nyanda hizi huonekana tupu. Watalii huzisifu kwa utupu huo, wakidhani ndivyo zilivyoumbwa. Sivyo. Wasongora walichunga ng'ombe hapa kwa vizazi, na ng'ombe wao walilamba chumvi ya mashimo haya. Sotoka ya miaka ya 1890 ikafyeka mifugo karibu yote katika nchi hizi. Malale yakafuata mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka mwambao wa ziwa Edward na ziwa George. Wanyamapori wakajaa mahali pa watu. Ardhi ikatangazwa kuwa ya akiba kwa wanyama, na mwaka 1952 ikawa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 1,978. Waliobaki ndani ni wakazi wa vijiji vichache vya wavuvi, Hamukungu, Kasenyi, Kahendero, na Katwe ambayo pamoja na uvuvi ina chumvi. Usiku viboko hupanda kutoka ziwani na kuchunga kati ya nyumba zao. Tembo naye hupita akitaka, na mtu aliyetoka kwenye maombi ya usiku anajua kusimama na kumpisha.

Mji wenyewe una barabara moja ya maana. Upande mmoja unashukia ziwa Edward, lenye mitumbwi, samaki na ndege wanaogombea matumbo ya samaki. Upande wa pili, nyuma ya ukingo mwembamba unaoumaliza kwa dakika chache za kutembea, liko ziwa Katwe. Unapanda ukingo ukiwa na harufu ya samaki puani, unafika juu, na harufu inageuka kuwa ya yai bovu. Chini yako shimo limejaa mwanga. Katikati maji ya kahawia yenye wekundu, pembeni mamia kwa mamia ya vijishamba vya maji vyenye pembe nne, vingine vyeupe, vingine vya waridi, vingine vyeusi kwa tope, vimepangwa kuuzunguka mwambao wote. Huku maji baridi yaliyojaa uhai. Kule, hatua mia kadhaa tu, maji ambayo samaki hawezi kuishi humo hata kwa saa moja.

Sababu yake ni shimo lenyewe. Magma iliyopanda ilikutana na maji ya chini ya ardhi, mvuke ukalipuka, na mlipuko ukachimba badala ya kujenga mlima. Milipuko ya namna hiyo ilirudiwa mara nyingi katika eneo hili, ndiyo maana kati ya Katwe na Kikorongo ardhi ina mashimo kila upande. Majivu yaliyorushwa yalikuwa na magadi na madini mengi ya kuyeyuka, na kwa hilo yana udugu na yale majivu ya Lengai yanayotembea Oldupai: zote ni volkano za Bonde la Ufa. Tofauti ni kwamba huku majivu yalitulia. Maji ya chemchemi hupita ndani yake, huchukua chumvi, na kuingia ziwani. Ziwa la Katwe liko chini kuliko ziwa Edward na halina pa kutokea, kwa hiyo yanayoingia hayatoki ila kwa kukauka. Jua linafanya kazi iliyobaki.

Pale ukingoni kuna kituo cha taarifa za utalii cha wenyeji. Lipa hapo, upewe mwongozaji. Usiteremke peke yako na kamera shingoni. Vile vijishamba vina wenyewe. Hurithiwa kizazi hadi kizazi, hukodishwa, huzozaniwa kwenye ukoo na hata mbele ya wazee wa mji. Mahali ambapo mgeni anaona tope jeupe lisilo na mwisho, mwenyeji anaona mpaka wa fulani, kona ya fulani, na ile pale iliyouzwa mwaka jana na mtu aliyekuwa na ada ya shule ya kulipa. Mipaka yenyewe ni kingo za tope zilizoshindiliwa kwa vijiti na nyasi, upana wake wa kutosha unyayo mmoja. Anayekanyaga vibaya anabomoa ukuta wa mtu, na atasikia kwa sauti kubwa.

Nilichuchumaa kando ya shamba moja mchana wa jua kali. Mama mwenye shamba alikuwa amefunga kanga kichwani na nyingine kifuani, yuko majini hadi magotini. Juu ya maji palikuwa na utando wa chumvi, mwembamba kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa. Akapitisha kiganja polepole, utando ukapasuka vipande vipande na kuzama. Sikuelewa kwa nini anaharibu kitu kinachojitengeneza, mpaka akanieleza bila kuacha kazi: utando ukiachwa unaziba, maji ya chini hayapati jua, na chumvi haikui. Lazima uvunjwe, uzame, mwingine utengenezwe, nao uvunjwe. Siku baada ya siku tabaka la chini linanenepa, kisha linakwanguliwa, linaoshwa kwa maji yale yale ya chumvi, linarundikwa ukingoni likauke. Chembe zake zilikuwa kubwa, zenye rangi ya kijivu, na kwenye ulimi zinaanza na ukali wa chumvi na kumalizia na uchungu kidogo wa magadi. Mvua moja ya saa mbili inalirudisha tabaka lote majini. Ndiyo sababu anapoongea nawe anatazama Rwenzori, wala hakutazami wewe.

Wanaume wako mbali zaidi, katikati ya ziwa, na kazi yao ni nyingine. Wanang'oa chumvi ya mawe kutoka sakafuni kwa mitaimbo, wamesimama kwenye maji mazito yanayowafika kiunoni au kifuani, na kuipakia juu ya vyelezo vya magogo mepesi ambavyo huvisukuma hadi pwani. Mabamba yake ni meusi na mazito, yenye ncha za kukata. Hayo huenda kulambwa na ng'ombe na kwa watengenezaji wa ngozi.

Maji hayo yanakula mwili. Mkwaruzo mdogo kwenye kifundo cha mguu, ambao shambani ungepona kwa siku tatu, hapa unakuwa kidonda cha miezi. Visigino hupasuka. Wanaume huvaa kondomu wakiingia ziwani kujikinga sehemu za siri, na wanalisema hilo waziwazi bila kucheka. Wanawake hujipaka mafuta na kutumia chochote kinachoweza kuzuia maji, na wengi hulalamikia maradhi ya uzazi. Kuna siku gesi inayotoka tope linapochokozwa humfanya mtu apate kizunguzungu, na aliye peke yake juu ya chelezo yuko hatarini. Sikuona buti za mpira wala glavu kwa mtu hata mmoja. Gharama ya mtalii mmoja kulala usiku mmoja katika loji za jirani ingewavisha wengi, nami siandiki hili kumkemea mtalii. Naliandika kwa sababu vijitabu vya kutangaza hifadhi huchapisha picha ya shimo hili ikiwa imepigwa kutoka juu, ambapo watu ni nukta.

Kulikuwa na ndoto ya kuwatoa majini. Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, serikali ilianza kujenga kiwanda cha kisasa cha chumvi kwa ufundi wa kampuni kutoka Ujerumani Magharibi. Ilikusudiwa maji yavutwe kwa mabomba, yachemshwe, na Uganda iache kununua chumvi nje. Kiwanda kilipowashwa kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Maji ya Katwe yaliyaguguna mabomba kwa kutu kuliko ilivyotarajiwa, na mitambo ikafa. Mabaki yake yamesimama kando ya ziwa hadi leo, machuma ya rangi ya udongo mwekundu, na ndege wamejenga humo. Chumvi nyingi ya pakiti inayouzwa Uganda hutoka Kenya, ambako mashamba makubwa ya maji ya bahari yako Gongoni na Marereni, si mbali na vilima vya mchanga vya Mambrui. Kwa hiyo kwenye duka la Katwe yenyewe utauziwa chumvi ya pwani, laini, yenye madini joto kama sheria inavyotaka, huku iliyovunwa mita mia mbili kutoka hapo ikingojea lori la kwenda kwa wafugaji. Wenyeji wanaijua kejeli hiyo na hawahitaji mwandishi wa kuwaeleza.

Zamani chumvi hii haikudharauliwa. Aliyelishika ziwa alishika biashara ya nchi nzima, maana ilibadilishwa kwa chakula, majembe na mbuzi, ikapelekwa kwa mitumbwi kulivuka ziwa Edward hadi ilipo Kongo ya leo. Ndiyo maana mfalme Kabalega wa Bunyoro aliweka hapa askari wake. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1889, akimsindikiza Emin Pasha kuelekea pwani, msafara wake ulikuwa na mabaki ya wapagazi zaidi ya 600 walioandikishwa Unguja miaka miwili kabla. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kwenye ukingo huu kabla ya Kiingereza kuzoeleka Kampala. Askari wa Kabalega waliondoka msafara ulipokaribia, wakarudi baadaye. Mwaka 1891 akaja Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akajenga ngome juu ya ukingo, akaiita George, akaacha askari wa kuilinda. Lugard alikuwa njiani kumsimika Kasagama katika ufalme wa Toro, na alijua kwamba kumpokonya Kabalega chumvi ni kumpokonya hazina. Ngome haikudumu. Mwongozaji atakuonyesha ilipokuwa, na ukisimama hapo unaona maziwa yote mawili, la maji baridi na la chumvi, kwa kugeuza shingo tu. Hapo utaelewa kwa nini hakuchagua mahali pengine.

Jirani na Katwe kuna ziwa dogo la Munyanyange, ambalo kiangazi hubaki bamba jeupe la magadi lenye dimbwi katikati. Heroe hufika hapo kwa makundi katika nusu ya pili ya mwaka na kuondoka wapendavyo. Nilipopita hawakuwapo, na mwongozaji aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyewaruhusu kuondoka. Upepo ulikuwa unainua vumbi la magadi kutoka kwenye bamba hilo na kulisukuma ardhini kwa michirizi. Hapo ndipo mahali pekee katika wilaya nzima ya Kasese ambapo niliona kitu kinachokaribia jangwa la kwenye picha, na kilidumu mpaka upepo ulipokata.

Ukiwa na gari la magurudumu manne yenye nguvu, usirudi kwa lami. Kutoka lango la Kabatoro kuna njia ya mashimo ya volkano inayopanda na kushuka hadi banda la Malkia, yapata kilomita 27, mbovu, ya mawe, na ndiyo nzuri kuliko zote katika hifadhi. Njiani kila shimo lina hali yake: moja lina msitu ndani, lingine nyasi tupu na nyati wawili, lingine ziwa la kijani. Ziwa la Nyamunuka utalinusa kabla ya kuliona, na ukilifikia utawakuta nyati na tembo wamesimama kwenye uvundo huo kwa raha zao. Ingia asubuhi mapema. Mchana mawe yanachoma na wanyama wamejificha. Taksi na boda haziruhusiwi humo, na hata zingeruhusiwa zisingefika.

Msimu wa kwenda ni kiangazi, Desemba hadi Februari au Julai hadi Agosti, wakati chumvi inakua na kila shamba lina mtu. Mvua zikianza utakuta maji matupu, na wenye mashamba wamepanda milimani kulima. Beba maji ya kunywa, kofia, na viatu ambavyo hutavionea huruma. Noti ndogondogo ni muhimu kuliko kamera: picha huombwa, na mara nyingi inalipiwa, kama mtu yeyote anayekatizwa kazi anavyostahili kulipwa. Ukitaka kununua chumvi, nunua kule chini kwa aliyeivuna badala ya kwa wachuuzi wa juu. Ukitoka na zaidi ya mfuko mmoja utasimamishwa kizuizini na kudaiwa ushuru wa halmashauri ya mji, hivyo omba risiti. Nami nilidaiwa, kwa sababu majirani zangu wa Bwera, waliosikia naenda Katwe, walikuwa wamekwisha kuniagiza: mmoja chumvi ya ng'ombe, mwingine ya kukaushia ngozi ya mbuzi, na wa tatu, shangazi mwenye duka karibu na soko, gunia zima, kwa bei ambayo alikuwa ameshaipanga yeye mwenyewe.